Vichupo 41

Saa 11 jioni, wageni wakiwa Arusha wanasubiri jibu letu, kompyuta iliganda. Mshale haukusogea. Feni ikavuma kama mashine ya kusaga, kisha ukurasa ukafa, ukaondoka na fomu niliyoihangaikia dakika 40: majina ya wageni hao 6 na namba zao za pasipoti.

Hapa Karatu tunapangisha vyumba 3 kwa wanaopanda Ngorongoro. Mume wangu anaendesha gari la watalii, mimi nashika kompyuta. Siku ile lawama zote niliutwisha mtandao. Nilinunua bando mara mbili. Nikambebesha mwanangu kompyuta, tukapanda hadi kwa jirani wa juu ambako simu hushika vizuri, ukungu umeshatanda na baridi ya Julai inauma vidole. Ikaganda hukohuko. Mume wangu aliporudi kutoka kreta, vumbi hadi kwenye kope, alikuta jiko halijawashwa na mimi ninalia.

"Mama, siyo mtandao," mwanangu alisema. Yuko kidato cha tatu. Alibonyeza Shift na Esc kwa pamoja, kivinjari cha Chrome kikafungua orodha ya kila kinachoendelea ndani yake na kumbukumbu kinayotumia. Nilikuwa nimefungua vichupo 41, yaani kurasa 41 kwa mpigo. Ukurasa mmoja wa hali ya hewa, uliojaa matangazo ya video, ulikuwa umejitwalia zaidi ya megabaiti 900, na kompyuta yenyewe ina RAM ya gigabaiti 4 tu.

Alinieleza kwa lugha ya jikoni. RAM ni meza unayokatia mboga, diski ni stoo ya uani. Meza ikijaa, kila kitunguu unakifuata stoo. Kumbe ndiyo sababu diski ilikuwa ikikoroma muda wote tuliokuwa tukiulaumu mtandao. Tena Chrome, tangu ilipotoka mwaka 2008, hutenganisha kurasa katika michakato mbalimbali ili mmoja ukianguka usiiburute mingine. Nauona ni mpango mzuri. Siku ile ulininusuria vichupo vingine. Ila ulinzi huo hulipiwa kwa kumbukumbu.

Tulifunga vichupo 33, vya maana tukaviwekea alamisho. Tukaondoa viendelezi 4 nisivyokumbuka nilivipachika lini. Tukawasha kipengele cha kuokoa kumbukumbu, kilichoingia Chrome mwishoni mwa 2022: kichupo usichokigusa hulazwa, ukikirudia hujipakia upya. Kujipakia huko hula bando, lakini kidogo kuliko lile nililonunua bure.

Usiku ule niliijaza fomu upya kwa dakika 12, bila kuganda hata mara moja. Jibu letu lilipowafikia, wale wageni 6 walikuwa wameshachukua vyumba Mto wa Mbu.

Nawe unayesoma haya ukiwa na kompyuta ya gigabaiti 4, kabla hujanunua bando la pili, bonyeza Shift na Esc ndani ya Chrome uone nani anakula kumbukumbu.