Namna ya Kuiachia Simu Kazi ya Kuandika Faili

Daktari, hongera kwa kukubali hatimaye kwamba hukusomea udaktari ili uwe karani. Wenzako wa Marekani walishapimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kwa kila saa 1 daktari anayokaa na wagonjwa, karibu saa 2 nyingine humezwa na kompyuta na makaratasi. Wewe una vitabu vya MTUHA, faili, fomu ya bima, na kompyuta iliyoletwa ili ipunguze vitabu. Sasa imekuja akili mnemba: unawasha simu, unaiweka mezani, nyinyi mnaongea, yenyewe inaandika. Fuata mwongozo huu na hutajuta. Atakayejuta ni mwingine.

Anza na ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo umuombe mgonjwa ruhusa. Omba haraka, wakati mama wa watu bado anatafuta pa kuweka mkoba. Mtu aliyekaa kwenye benchi tangu alfajiri atakubali chochote, hata kuuza shamba. Usimpe nafasi ya kuuliza sauti yake inakwenda kuhifadhiwa wapi, maana itabidi uwe unajua.

Kisha jifunze kutangaza. Mashine ina masikio, macho haina. Zamani ulibonyeza tumbo kimya kimya, ukaguna, ukaenda kuandika. Siku hizi useme kwa sauti: "Ini limevimba, vidole viwili chini ya mbavu." Mgonjwa amelala hapo hapo kitandani, anasikia. "Vidole viwili vya nini, daktari?" Mume naye ameshasimama. Mwambie atulie, huongei naye, unaongea na simu.

Wagonjwa wa kimya waogope. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani waliichunguza Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ambayo baadhi ya vyombo vya hospitali vimejengwa juu yake. Wakakuta kwamba katika takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti, programu iliandika maneno ambayo hakuna aliyeyatamka, na hatari ilizidi pale msemaji aliponyamaza kwa muda mrefu. Iliwahi hata kutaja antibayotiki ambayo haipo duniani. Kwa hiyo bibi anayefikiri kabla ya kujibu, mhimize: "Bibi, ongea, ongea chochote!" Na antibayotiki hiyo ikijitokeza kwenye faili, waachie wa dirisha la dawa waitafute. Wamezoea kusema imeisha.

Mlango nao ufunge. Chumbani yumo mtoto mwenye homa, mama yake, bibi aliyesindikiza ambaye ameona aulizie na presha yake, na kijana aliyechungulia: "Daktari, majibu yangu tayari?" Usipoangalia, mtoto wa miaka mitatu atarudi nyumbani na presha ya kupanda na majibu ya kijana.

Nisiwe mchoyo: chombo kinasaidia. Daktari aliyekuwa akiongea huku ameinamia kibodi sasa anamtazama mtu usoni, na wagonjwa wanaliona hilo. Tena kinaandika vizuri kuliko wewe, jambo lisilo gumu kwa anayeujua mwandiko wako. Kinapanga kila kitu katika zile sehemu nne alizotuachia Mmarekani Lawrence Weed tangu miaka ya 1960: alichosema mgonjwa, ulichokiona, unachodhani, utakachofanya. Ukisoma unajiona bingwa. Katikati utakuta "mapigo ya moyo ni ya kawaida", nawe unakumbuka vizuri kwamba kipimo kilikuwa shingoni mwako muda wote, hakikugusa kifua cha mtu. Usifute. Sentensi imekaa vizuri, na moyo wenyewe huenda ni wa kawaida kweli.

Mwisho weka saini. Kusoma kabla ya kusaini kunakula zile dakika ulizookoa, na hapo faida iko wapi? Jambo likiharibika, useme ni mashine. Watakuelewa, ila mashine haina leseni, na Baraza la Madaktari halina namna ya kuiita ikajieleze. Litaita jina lililo chini ya ukurasa. Sauti usiitegemee kama ushahidi, kwa kuwa vyombo vingine huifuta baada ya kuandika, kwa ajili ya usalama wa taarifa zako.

Na dakika zilizobaki, usimwambie mtu. Mganga mfawidhi akisikia kwamba siku hizi unamaliza mafaili kabla ya saa kumi, Jumatatu foleni yako itakuwa imefika getini. Kaa pale pale, kunja uso, shika kalamu, pitia yale maandishi mstari kwa mstari, ukikata hapa na kusahihisha pale. Akipita mlangoni atakuona daktari aliyezidiwa na makaratasi, na atakwenda zake.