Mwezi, Mavyaa na Betri Mbili

Darubini iliyomo nyumbani mwetu ina kitufe kimoja juu, pale kidole cha shahada kinapoangukia, na zogo lote la mwezi wa Shaaban lilianzia hapo. Ililetwa na shemeji yangu kutoka Muscat, imefungwa ndani ya sanduku la halua na udi. Aliitoa sebuleni mbele ya watu wote akasema ni ya mama yake. Hakusema ya kaka yake, wala ya watoto. Ya mama. Nalisema hili mwanzo kwa sababu muda si muda kila mtu nyumbani alilisahau.

Mavyaa wangu mikono humtetemeka. Chai tunammiminia nusu kikombe, na uzi hatungi tena. Marehemu mumewe alikuwa nahodha, akaacha darubini ya 7x50, nzito, ambayo mama hakuwahi kuonea kitu ila bahari inayorukaruka. Kinachokikuza kitu mara saba huukuza na mtetemo mara saba. Hii mpya imeandikwa 10x30, yaani inakuza mara 10, na kila kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 30. Kwa darubini ya kawaida, hiyo mara 10 ndiyo karibu ya mwisho kwa mkono mtupu, hata mkono wa kijana.

Shemeji alimpandisha mama darini, akamwegemeza viwiko juu ya ukuta, akamwambia, "Mama, elekeza kisiwani Changuu. Sasa bonyeza, usiachie."

Mama akabonyeza. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ile mashua ya nyuma, tanga lake lina kiraka."

Sisi tuliobaki tuliona tanga tu, jeupe, dogo. Tukapokezana darubini. Kiraka kilikuwepo.

Mwanangu, aliye darasa la saba, hakutulia mpaka ami yake alipomweleza siri ya darubini hii. Ndani mna vihisio vinavyopima kila mtikisiko wa mkono. Katika njia ya mwanga wa kila jicho mna vipande viwili vya kioo vilivyounganishwa kwa mfuko unaokunjamana, na katikati yake mafuta maangavu ya silikoni. Mkono ukishuka, kioo kimoja husukumwa kwa umeme, kikauinamisha mwanga kiasi kile kile, picha ikabaki mahali pake. Canon walitoa darubini yao ya kwanza ya namna hii mwaka 1995. Mpaka upo: hii yetu hurekebisha digrii moja hivi kila upande, basi mtikisiko mkubwa unaishinda. Ndiyo maana viwiko vya mama lazima viegemee. Kifaa humsaidia mtu aliyejisaidia kwanza.

Shemeji akarudi Muscat, na nyumba ikagawanyika.

Kwanza jirani. Nyumba za Mji Mkongwe zimekaribiana hata sauti ya mwiko sufuriani husikika nyumba ya pili, na darini ndiko wanawake wanakoanika nguo vichwa wazi. Siku moja jirani yetu wa upande wa msikitini alikuja mpaka mlangoni, hakuingia. "Mama watoto, kile kitu chenu kinanitazama mimi." Mwanangu aliapa kwamba alikuwa akiwaangalia kunguru juu ya paa lake. Nilimwamini mtoto, maana kunguru hawa, walioletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, siku hizi ndio ndege anaowajua kuliko wote. Lakini nilisimama upande wa jirani. Mwanamke aliye darini kwake hawezi kujua unamtazama kunguru au unamtazama yeye, na stara ya nyumba ya mtu haipimwi kwa nia ya mtazamaji. Nikaweka sheria: darubini ielekezwe baharini na mbinguni, upande wa nyumba za watu kamwe. Jirani nikampandisha darini kwetu siku ile ile. Aliishika akitazama bandarini hadi adhana ya magharibi.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa betri. Darubini inatumia mbili, zile ndogo zinazoingia pia katika rimoti ya king'amuzi, saa ya ukutani na kipimo cha presha cha mama. Ikikosa betri haifi. Inageuka darubini ya kawaida, inakuza lakini haitulizi. Kwa macho ya vijana hilo si neno. Kwa mama ni kumrudishia ile ya marehemu.

Basi ikafika tarehe 29 Shaaban. Mume wangu, wifi yangu, watoto, jirani na dada yake, sote tulikuwa darini kabla ya jua kutua. Wingu jembamba lilikuwa limelala upande wa Bara. Mume wangu alitaka aanze kutafuta mapema, jua likiwa limebaki kipande. Nilimkatalia. Jua lililo chini upeoni ni lile lile la mchana, na kulitazama kwa kioo kinachokusanya mwanga kunaweza kuunguza jicho mara moja, bila hata mtu kuhisi maumivu. Tulingoja mpaka limezama lote, ndipo mama akapewa kiti karibu na ukuta.

Mwezi mwandamo wa siku ya kwanza hutafutwa kwa mpango. Mwezi huachana na jua kwa digrii 12 au 13 hivi kwa siku, kwa hiyo jioni ile ya kwanza huwa haujakwenda mbali na pale jua lilipozamia. Na sisi tulio digrii 6 kusini ya ikweta tuna bahati yetu: hapa mwezi hushuka karibu wima na kulala chali kama ngalawa, pembe zikielekea juu. Basi unaanzia pale jua lilipozama, unapandisha darubini taratibu, kisha unasogea kidogo kushoto, kidogo kulia. Lakini muda ni mfupi. Utusitusi wetu haukai kama wa nchi za baridi.

Mama akaegemeza viwiko, akabonyeza. Akapandisha. "Imetulia," akasema. Kisha, "Ah, inaruka tena."

Betri zilikuwa zimekwisha. Mtoto wa wifi, ambaye wiki nzima aliishi mbele ya televisheni, alikuwa amezichukua nzima akazitia katika rimoti, na zile chovu za rimoti akazirudisha humu. Alikiri pale pale, akilia. Mwanangu akateremka mbio kuzifuata, akapanda nazo akihema. Nazo zikadumu muda wa pumzi mbili. Nani asiyejua rimoti ya nyumba yenye watoto inavyotumika?

"Nipe mimi, mama," mume wangu akasema akinyoosha mkono. "Mie naweza kuiona hata bila kitufe. Mwezi unatuponyoka."

Hapo nilimshika mkono mume wangu mbele ya watu, jambo nisilolifanya. Nilimwambia hii ni ya mama. Mwanamke huyu aliwahi kuandaa futari ya watu ishirini kila siku kwa mwezi ambao kila mwaka alielezwa na wengine kwamba umeonekana. Mumewe aliuona, wanawe waliuona, majirani waliuona, naye aliitikia tu. Macho yake ni mazima tangu zamani. Kilichomnyima ni mikono.

Mume wangu akarudi nyuma.

Mama hakumtazama yeyote. Akamwambia mwanangu, "Nenda chumbani kwangu, juu ya kabati. Zitoe mbili kwenye kipimo cha presha."

"Bibi, na presha yako?"

"Nitapima kesho. Kimbia."

Alipokuja nazo, mbingu za magharibi zilikuwa zimegeuka rangi ya zafarani iliyokolea, na lile wingu limekatika vipande. Nilizitia mwenyewe, nikatazama alama za upande na upande. Mama akainua, akategemeza viwiko, mimi nikamshika mabega kwa nyuma. Niliyahisi mabega yakitetemeka chini ya viganja vyangu. Akapandisha. Akasogeza kushoto. Akasimama.

"Uko juu ya kile kipande cha wingu chenye mkia. Mwembamba. Pembe hii ya kulia imekatika kidogo."

Wapo masheikh wanaotaka jicho tupu, na wapo wanaokubali kifaa. Darini kwetu darubini ilionyesha mahali, na macho yakafuata. Jirani ndiye aliyeuona wa pili, bila kioo, kwa kufuata wingu lenye mkia. Kisha mume wangu. Kisha watoto wote kwa kelele. Mwanangu ndiye aliyechelewa, na bibi yake ndiye aliyemgeuza kichwa kwa mikono ile ile, akamwambia, "Hapo. Shuka kidogo. Hapo."

Mume wangu alitoka usiku ule kununua betri nyingi za kutosha Ramadhani nzima. Darubini sasa inakaa chumbani kwa mavyaa, kwenye mkoba wake mwenyewe, na betri zake zimefungwa ndani ya kitambaa cheusi alichokishona mwanangu, kwa sababu mama hatungi uzi. Anayeitaka hubisha hodi na kueleza anataka kutazama nini. Wifi amekubali kwa shingo upande. Mtoto wake anaruhusiwa kuishika asubuhi tu, kutazama boti ziendazo Dar es Salaam. Na jirani ameshauliza kama usiku wa Idi atapata nafasi mapema, kabla ya mume wangu.