Swila Bandani, Mabingwa Uani

Mtu anayehama Sinza kwenda kuishi kwake Kibaha hupiga hesabu zote: kiwanja, msingi, matofali, bati, nguzo ya umeme, kisima. Wasiomo kwenye hesabu ni wenyeji. Pori analolifyeka lilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakuitwa kwenye kikao cha serikali ya mtaa wala hawakulipwa fidia. Mashine ikinguruma wanasogea kando. Miezi ikipita wanarudi kutazama mgeni amejenga nini.

Na mgeni huyo, pasipo kujua, amewaandalia karamu. Rundo la matofali yaliyobaki ni chumba cha kulala chenye ubaridi wa kutosha. Pumba za kuku zimeita panya, na panya wamemwita swila. Bomba linalovuja nyuma ya choo limeleta vyura, na vyura nao ni chakula chake. Ukizitazama nyua nyingi za nyumba mpya za pembezoni mwa Dar es Salaam, kinachoshangaza ni kwamba nyoka huwa anaonekana mmoja tu.

Huyu wa Kibaha alionekana jioni, saa kumi na mbili na nusu, katika banda la mwalimu mmoja mstaafu. Mkewe alikwenda kuokota mayai. Kwenye kiota cha tetea mwenye madoa palikuwa na kitu cheusi kilichojikunja, na kitu kile kikainuka, kikatanua shingo. Yule mama hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akaubana mlango wa banda kwa kigingi, akaenda barazani.

"Mwalimu," akasema, "bandani kuna swila. Nimefunga mlango. Tafuta mtu anayewajua."

Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kimefanyika sawasawa, na insha hii isingekuwa na la kusimulia. Bahati mbaya Mwalimu alikuwa na sauti iliyozoea kutuliza watoto sabini darasani, na sauti ile haikustaafu pamoja naye. Aliposema "Nyoka!" alisikika mpaka kituo cha bodaboda.

Kuna jambo moja kuhusu nyoka ambalo vitabu vya elimu ya viumbe havijaliandika: akionekana, kila Mtanzania aliye karibu anageuka bingwa. Mtu asiyeweza kumtofautisha chatu na mjusi kafiri atakwambia kwa yakini nyoka huyu ana umri gani, amekuja na nani na ametumwa na nani. Uwanja ulijaa kabla adhana ya magharibi haijaisha. Mmoja alitaka mafuta ya taa yamwagwe kuzunguka banda. Mwingine akasema mafuta ya taa ni ya nyoka wa shamba, wa nyumbani anachomewa tairi. Bibi mmoja alifika na vitunguu saumu kwenye upindo wa khanga, akaanza kuvirusha bandani kimoja kimoja, na kuku wakavila. Mzee mmoja, aliyekuja na ushauri mtupu, alionya kwamba huyo akiuawa mwenzake atakuja kulipa kisasi. Mzee wa watu alikuwa amemsingizia swila tabia za binadamu. Nyoka hawana ndoa. Hukutana majira ya kuzaana, kisha kila mmoja anashika njia yake, na habari za marehemu hazimfikii mtu.

Silaha nazo zilikuwepo. Mpangaji wa nyumba ya pili alibeba panga. Fundi wa kuchomelea mageti alikuja na nondo ya milimita 12 na wazo ambalo, kwa haki, lilikuwa bora kuliko yote yaliyotolewa jioni ile: swila hutema sumu machoni, kwa hiyo yeye atavaa miwani yake ya kazi. Ni kweli miwani huzuia sumu. Ila vioo vya kuchomelea vimetengenezwa kupunguza mwanga unaopofusha, na saa moja kasoro usiku, Kibaha, huwa hakuna mwanga wa kupunguza. Fundi alilielekea banda kifua mbele, akalipita, akajitia shingoni waya wa kuanikia nguo. Waya ulikatika. Khanga mbichi ikamwangukia mabegani, ikamteleza mgongoni. Ukelele alioutoa haukuwa wa kifundi.

Mkutano ulivunjika bila kufungwa. Watu walipitana mlangoni, viatu vikabaki, na mwenye panga, aliyeshikwa na giza katikati ya uwanja, akaona kitu kirefu kimelala karibu na mguu wake. Alikikata. Kikatikisika. Akakikata tena. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Huyu hakuwa ameumwa na chochote, na mpira wa maji wa Mwalimu, uliokuwa bado mpya, ukabaki vipande vitatu.

Wakati huo Mwalimu mwenyewe alikuwa amechutama mlangoni kwa banda, tochi mkononi, ameufungua mlango kidogo "kuhakikisha". Nyuma yake alisimama kijana wa bodaboda aliyekuja kuleta unga, helmeti kichwani na kioo kimeshushwa. Wasomaji wanaozijua bodaboda zetu watataka maelezo, maana helmeti mara nyingi huning'inia kwenye usukani au hupandishwa juu ya paji la uso kama kofia ya bibi harusi. Siku ile kifungo kilikuwa kimekwama. Ndiye mtu pekee aliyekuwa amejikinga ipasavyo, na hakuwa amekusudia.

Swila akatema.

Neno kutema halimtendei haki. Meno yake ya sumu yana matundu yanayoangalia mbele, na misuli inapoibana mifuko ya sumu, sumu hutoka kwa nguvu na kuruka mita mbili au zaidi. Wakati huohuo kichwa hutikisika haraka, hivyo matone yanatawanyika na kufunika eneo la uso, na jicho halina pa kujificha. Wataalamu wa Ujerumani waliochapisha utafiti wao mwaka 2005 waligundua kwamba swila hatemei mkono unaopungwa mbele yake. Hutemea uso. Hata picha ya uso ikitikiswa huitemea. Kwa umbali wa sentimita 60, swila mwekundu wa Afrika Mashariki alilipata walau jicho moja kila alipotema. Naye mtafiti Bruce Young wa Marekani, ambaye katika safu hii tungemwita jasiri kama asingelipwa mshahara kwa kazi hiyo, alivaa kinga ya uso akawachokoza swila makusudi. Yeye na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba nyoka huyu hufuata mwendo wa uso anaoulenga kabla ya kurusha. Kwa hiyo mtu anayechutama mlangoni kwa banda na kujimulika usoni kwa tochi anamrahisishia kazi.

Kioo cha helmeti kilipata matone mengi. Jicho la kushoto la Mwalimu likapata yaliyobaki, na hayo yalitosha. Maumivu yake hufika papo hapo, kope hujifunga zenyewe, machozi hutiririka. Mwalimu alikaa chini kwenye mbolea ya kuku akasema maneno ambayo hakuwahi kuyaandika ubaoni.

Mabingwa wakarejea. Sasa mada ilikuwa jicho, na dawa zilikuwa nyingi kuliko za nyoka. Mtu akataka atafutwe mtoto wa kiume akojoe kwenye kikombe. Mwingine aliuliza kama kuna mwenye jiwe jeusi la nyoka, lile linalotengenezwa kwa mfupa uliochomwa na linalosifiwa kufyonza sumu. Halijawahi kuthibitishwa kufyonza chochote isipokuwa pesa, na hata anayeliamini hajasema linabandikwaje kwenye mboni. Aliyeyamaliza yote alikuwa nesi mstaafu wa nyumba ya jirani, aliyeingia na kitenge kifuani akauliza swali moja: "Mpira wa maji uko wapi?"

Pakawa kimya. Mwenye panga alitazama chini.

Ikabidi ndoo na kata. Mwalimu alilazwa ubavu kwenye ukingo wa baraza, jicho lililoumia likiwa upande wa chini ili maji yasipeleke sumu kwenye jicho zima. Mkewe alimshika kichwa, nesi akammiminia maji polepole, bila kukoma, kutoka pembe ya puani kwenda nje. "Fumbua, Mwalimu. Nimesema fumbua. Uliwachapa watoto wa watu kwa kulia kidogo kuliko hivi." Iliisha ndoo ya kwanza, ikafuata ya pili. Baada ya hapo alipakiwa kwenye pikipiki ileile hadi hospitali, akaoshwa tena, daktari akakagua kioo cha jicho kuona kama kimechubuka, akampa dawa ya kuzuia maambukizi. Hakuchomwa sindano ya kupambana na sumu, kwa kuwa sumu ya swila iliyoishia jichoni haiihitaji. Inahitajika mtu akiumwa. Jicho lilipona. Lingeachwa bila kuoshwa lingeweza kupofuka, na huo ndio ubaya wa swila.

Asubuhi banda lilikuwa halina nyoka. Aliondoka kupitia pengo chini ya wavu, mahali ambapo angepitia jioni ileile kama asingezungukwa na kijiji. Mayai mawili hayakuonekana. Swila hula mayai, hilo linajulikana, lakini jioni ile bandani walipita wengi.

Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu jamii tatu za nyoka wanaotema: swila wa Afrika, wa Asia, na ndugu yao wa kusini mwa Afrika aitwaye rinkhals. Kila jamii ilipata uwezo huo kivyake, na sumu zao zote zimeongezewa kiungo cha kuumiza zaidi. Watafiti wakatoa dhana kwamba huenda adui aliyesababisha hayo ni babu zetu wenyewe, viumbe wa miguu miwili wenye mikono ya kushika mawe na fimbo. Ni dhana, haijathibitishwa. Lakini aliyekuwepo Kibaha jioni ile hawezi kuipuuza.

Yupo aliyejua namna nyingine. Newala na Liwale, kusini mwa Tanzania, aliwahi kuishi Mwingereza Constantine Ionides, ofisa wa wanyamapori na mmoja wa walioijenga hifadhi ya Selous. Watu wakamwita Bwana Nyoka. Nyoka akionekana nyumbani, alitumwa mtu kumwita, naye alifika na fimbo yake ndefu ya kunasia, akamnasa akamtia mfukoni. Alinasa maelfu. Aliumwa mara kadhaa pia, na akafariki mwaka 1968, wala si kwa nyoka.

Na Watamu, pwani ya Kenya, James Ashe alianzisha mwaka 1980 kituo cha nyoka cha Bio-Ken, ambacho huondoa nyoka majumbani mwa watu wa eneo lile bila malipo. Kutokana na kazi yake, swila mkubwa kuliko wote wanaotema alipewa jina lake katika sayansi mwaka 2007: Naja ashei, anayeweza kuzidi mita mbili na nusu. Mmoja wao alikamuliwa kwa mkupuo mmoja sumu ya mililita 6.2, zaidi ya kijiko cha chai. Ashe hakuishi kuiona heshima hiyo; alifariki mwaka 2004.

Kicheko kina mipaka yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima na watoto wa vijijini, na mwaka 2017 liliiingiza ajali hiyo kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Swila angalau anaonya. Kifutu mara nyingi hajishughulishi: analala kimya njiani, anategemea rangi yake isionekane, na anayemkanyaga gizani na kandambili ndiye anayemgundua. Akiuma, kamba ya kubana mguu, wembe na mdomo wa kunyonya sumu huongeza madhara. Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe, apelekwe hospitali. Nyoka asifuatwe ili aje kutambulishwa kwa daktari. Wapo walioumwa wakimkimbiza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama umehamia kwako mwaka huu: hamisha matofali yaliyobaki mbali na ukuta, ziba matundu ya banda, funika pumba, tengeneza bomba la choo, na usiku toka na tochi na viatu vilivyofunika miguu. Ukimkuta swila, rudi nyuma, mpe njia, wazuie watoto na majirani. Sumu ikiingia jichoni, maji safi mengi, dakika 15 hadi 20 mfululizo, kisha hospitali usiku huohuo.