Mafi Moyo

Mke wangu ndiye aliyesema watoto waandaliwe. Mimi nilihamishwa mara nne kabla sijafika darasa la sita, na maandalizi yangu yote yalikuwa sauti ya marehemu baba: "Panda gari!" Watoto wa siku hizi wanaandaliwa kama bwana harusi. Basi wiki tatu kabla hawajatoka Kisauni kunifuata Juba, ninakouza vifaa vya ujenzi pale soko la Custom, nikarudi nyumbani na kuketishwa mkekani kila jioni niwaeleze waendako. "Na uwaambie ukweli," akaongeza mama yao, akinitazama kama mteja aliyewahi kununua mbao zangu.

Ukweli ndio ulioniponza. Niliwaambia saa za Juba ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, tangu serikali ya kule ilipozirudisha mwezi Februari 2021. Nilidhani nawachangamsha tu. Wa kati, mwenye miaka minane na akili ya dalali, alinyamaza kidogo kisha akatoa hukumu: chakula kitafuata saa ya Mombasa, kulala kutafuata saa ya Juba. Mpaka leo ndivyo anavyodai, na mpaka leo sijapata la kumjibu.

Nikawaambia kuna joto. "Kama letu?" Letu lina upepo wa bahari, nikasema, na kwa kupenda kuonekana najua mambo nikaongeza kwamba Machi 2024 shule za nchi nzima zilifungwa, joto likitazamiwa kufika nyuzi 45. Nia yangu wavae kofia. Walichosikia wao ni kwamba shule hufungwa. Sasa yule mkubwa kila asubuhi huchungulia simu yangu, akikuta nyuzi 36 anaguna, anavaa viatu kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

Kuhusu lugha niliwatoa wasiwasi kabisa. Sudan Kusini ni mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na pale soko la Konyo Konyo hukosi mama Mganda wa kukuuzia nyanya kwa Kiswahili. Ni kweli, ila watoto wa majirani zetu hapa Munuki hawauzi nyanya. Wao ni Kiarabu cha Juba. Asubuhi ya kwanza mmoja wao alisimama getini, akagonga tangi letu kwa kidole, akasikitika: "Mafi moyo."

Kitinda mimba wangu akaja mbio machozi yakimtoka. "Baba, anasema hatuna moyo!" Neno la kwanza alikuwa hata hathubutu kulirudia, kwa sikio la Mombasa linanuka. Nikampakata, nikamweleza kwamba huku mafi ni hakuna, na moyo ni maji. Akajifuta pua.

"Kwa hivyo hatuna maji?"

Hatukuwa na maji.

Maji yetu huja kwa lori, yamechotwa Mto Nile, na hapo ndipo penye deni langu. Kule mkekani nilipoulizwa kama Juba kuna bahari, nilipanua mikono: kuna mto unaokwenda hadi Misri! Huyu mdogo hakunisadiki. Alikwenda ufuo wa Pirates na mjomba wake, akajaza maji ya bahari kwenye chupa ya soda ya lita mbili, na katika zile kilo 23 za ndege chupa hiyo ikapata nafasi. Viatu vyangu vya Idi vilibaki Kisauni.

Lori lilipofika nikaona bora nipunguze deni. Njooni muuone Nile! Wakasimama wakitazama bomba.

"Huu ndio unaofika Misri?" akauliza mkubwa.

"Haufiki hata jikoni," mama yao akajibia.

Nikaahidi Daraja la Uhuru, lile lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa 2022, tusimame juu tuutazame mto mzima. Wakauliza lini. Nikajibu bukra, kesho, neno nililofundishwa na fundi wa jenereta. Kumbe nao walishalijua, na walishajua lina urefu gani.

Ijumaa iliyopita nilikuwa bafuni, povu kichwani, macho nimeyafumba, ndoo ikalia tupu. Nikaita. Tangi kavu, wakanijibu, na lori ni bukra. Kimya. Kisha nikasikia vijiguu mlangoni.

"Baba, iko ya chupa."

"Lete, mwanangu."

"Nile lini?"

"Jumapili."

Nyuma yake nikamsikia dalali akinong'ona, na mdogo akauliza alivyofunzwa: saa nne ya Juba au saa nne ya Mombasa? Nikaapa ya Mombasa, inayotangulia. Mlango ukafunguka upana wa kiganja.

Ndivyo nilivyojisuuza kwa Bahari ya Hindi katikati ya Munuki, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka ufukweni, chumvi na sabuni zikigombania jicho moja. Na nilipewa nusu tu. Nusu nyingine anamwekea mama yake.