Natafuta Pieichi

Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Neno lenyewe alilitoa kwenye Kizanaki akatugawia Watanzania wote. Basi nami nilipostaafu ukarani Dar es Salaam nikajiona ninang'atuka. Nikabeba kiinua mgongo na ujuaji mwingi, nikarudi kwenye shamba la marehemu baba, huko huko Butiama: ekari sita, kisima kimoja na baba mdogo.

Kwanza nikajenga choo cha kisasa, cha vigae, juu kidogo ya kisima ili kipate upepo. Kisha nikatangaza kwamba sitapanda punje wala kunywa tone kabla ya kupima maji na udongo, hasa pieichi yake, yaani kiwango cha uchachu.

"Maji haya nimeyanywa miaka sabini na tisa," baba mdogo akasema. "Kama yana sumu, mwanangu, basi ni sumu isiyo na haraka."

Akainama upande wa chini wa shamba, akachukua bonge la udongo mweusi, akalitemea mate, akaliviringisha mpaka likawa jembamba kama penseli. Akalikunja duara. Halikukatika. Akanivisha kidoleni kama pete ya ndoa.

"Mbuga. Pamba itakubali, nyumba itapasuka."

Nikamshukuru, nikaenda kunawa.

Kitaalamu, unatembea zigizaga, unachimba sentimita 20 kila kituo, unachanganya kwenye ndoo safi, unatoa kama kilo moja, unafunga na kuandika lebo. Nilivaa miwani nikachimba vishimo kumi na vitano, nikajaza udongo kwenye mifuko inayoonyesha. Watoto wakanitazama kutoka kwenye uzio wa minyaa.

Nilichosahau ni kwamba Buhemba na Kiabakari ni jirani zetu, na huko dhahabu imechimbwa tangu enzi za mkoloni. Mzee wa miwani kutoka Dar anayefunga udongo kwenye mifuko yenye namba, nani atakuambia huyo ni mkulima? Jioni dereva wa bodaboda akanisogelea, akanong'ona: "Mzee, mfuko mmoja unatoa gramu ngapi?"

"Hakuna gramu, kijana. Natafuta pieichi tu."

Kulipokucha, kijiji kizima kilijua kwamba Butiama kumegunduliwa madini mapya, yanaitwa pieichi.

Usiku wa pili akaja mchimbaji. Asubuhi nikakuta duara, shimo la wachimba dhahabu, limechimbwa pembeni, kwenye udongo mwekundu, hatua sitini chini ya kisima: limenyooka kuta, linammeza mtu mzima mpaka utosini. Mchimbaji alikuwa ameondoka na tamaa yake, ameacha yeboyebo moja ya mguu wa kushoto.

Maji nayo yakanitesa. Maabara mjini Musoma walinipa chupa mbili. Ya kemikali, unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale ya kisima kabla ya kuijaza. Ya vijidudu imeshatakaswa, haisuuzwi kamwe. Mimi niliisuuza ya vijidudu, mara tatu, kwa heshima zote, kama mama alivyonifunza kuhusu chombo cha watu. Ile nyingine nikaijaza kavu kavu.

"Shikamoo baba. Hii ya vijidudu hukuisuuza?" binti wa maabara akauliza.

"Marahaba. Mara tatu!" nikajibu kwa fahari.

Akanipa chupa nyingine mbili bila neno.

Safari ya pili niliziweka kwenye ndoo ya barafu, maana sampuli ya vijidudu hutakiwa ifike ya baridi, na isilale zaidi ya saa 24. Pale Makutano kondakta wa hiace akataka nauli ya ndoo.

"Samaki?"

"Maji."

"Unapeleka maji Musoma?"

Hiace nzima ikaangua kicheko. Musoma, mji uliotia miguu Ziwa Victoria!

Majibu yakatoka. Floraidi, ambayo haitakiwi kuzidi miligramu 1.5 kwa lita, ilikuwa chini. Lakini bakteria wa kinyesi, ambao katika mililita 100 hatakiwi hata mmoja, walikuwa wamejaa kama mkutano wa kampeni.

"Choo kiko umbali gani na kisima, baba?"

"Hatua kumi na nne."

"Juu au chini ya mteremko?"

"Juu," nikasema, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu. Kumbe walau mita 30, tena upande wa chini.

Majibu ya udongo yalirudi kutoka maabara ya Ukiriguru, kule Mwanza: upande wa chini, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Pete ilikuwa imeshasema. Ila pete haikusema kwamba fosforasi ni haba, na hilo baba mdogo alilikubali kwa kutikisa kichwa. Kisha akanywa chai taratibu.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo maji yalikuwa mazima?"

"Huenda."

"Mpaka ulipong'atuka."

Choo cha vigae tumekifunga. Kisima tumekitia klorini, na mpaka tupime tena maji tunachemsha. Choo kipya kimekaa juu ya lile duara la pieichi, hatua sitini, upande wa chini, kama kitabu kinavyotaka. Yeboyebo nimeitundika mlangoni. Mwenyewe akija, nimlipe ujira wa kuchimba.