Muulize Profesa: Sambaza kwa Miraba

*Profesa, nina malewa yangu Kituku, karibu na pale maboti yanaposhusha watu. Mtoto wangu amebandika msimbo wa QR kwenye kila meza ili wageni waone vyakula kwenye simu. Wanautazama, wanauwekea sahani juu, halafu wananiita: "Mama, kuko nini?" Nifanyeje? – Mama Sombe*

Mama Sombe, jambo sana. Umemwandikia mtu anayestahili. Pale mzunguko wa Chukudu, hapa Goma, kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu lake, ile baiskeli ya mbao. Nimeshapima nafasi iliyobaki pembeni, nami naenea nikisimama kiubavu. Lakini hayo tuyaache, umma utaamua.

Miraba hiyo ya QR ilizaliwa Japani mwaka 1994, katika kampuni ya Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mhandisi wake, Masahiro Hara, alikuwa akicheza go, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe, wazo likamjia. Mimi hucheza dama kila baada ya chakula, na mawazo yanayonijia ni makubwa kuliko ya Hara, ila usingizi huyawahi. Kampuni ikaacha dunia nzima itumie bila kulipa. Mimi ningetoza.

Wala usimsikilize anayesema ni kitu cha wageni. Sambaza wenyewe, wale samaki wadogo, hawakuzaliwa Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sijasikia mtu akiwanyima mafuta ya kukaangia.

Dawa ya kwanza: chora msimbo juu ya bati la paa, mita nne kwa nne, abiria wa Idjwi waagize wangali majini. Mafundi wanasema upana wa msimbo uwe kama sehemu ya kumi ya umbali wa simu, kwa hiyo wako utasomeka mita 40, yaani abiria ataagiza akiwa tayari amevua viatu aruke. Inatosha. Mezani, sentimita nne ni nyingi.

Dawa ya pili ni uvumbuzi wangu: msimbo juu ya bugali. Nilichora kwa makaa: makaa ni meusi, bugali ni mweupe, na pembezoni niliacha ukingo mtupu kama kanuni inavyotaka. Simu ilisoma vizuri mpaka mteja alipomega pembe. Hapo ndipo elimu ilipo, Mama. Msimbo ukitengenezwa kwa kiwango cha juu cha uvumilivu, karibu asilimia 30 yake inaweza kufutwa na mafuta ya sambaza na bado ukasomeka, lakini ile miraba mikubwa iliyo kwenye pembe tatu usiiguse, simu huitafuta hiyo kwanza. Dolari yetu, ikichanika ukucha tu, muuza nyanya anakurudishia kama umempa nyoka. Nimemwandikia gavana wa benki kuu kwamba noti zichapwe kwa miraba. Hajajibu, nadhani anatafuta maneno ya kunishukuru.

Shida yako ilikuwa nini? Ndiyo. Mgeni ametoka Minova, simu inalia chaji, mega zimeisha, na msimbo wa mtoto wako unamtuma kwenye intaneti akatafute sambaza wanaonukia nyuma ya mgongo wake. Mtoto aandike maneno yenyewe ndani ya msimbo. Unabeba herufi nyingi, na simu nyingi zitayaonyesha bila mega. Usiujaze, maana miraba ikisongamana simu zilizozeeka hazioni. Andika sombe, lengalenga, tilapia, kipi kina nyama na kipi hakina, kwa Kiswahili na Kifaransa, ili mgeni asiyejua lugha yetu asionyeshe sahani ya jirani kwa kidole. Bei usizitie humo. Zinapanda na kushuka na dolari, nawe utachapa karatasi upya kila wiki. Ziache kwenye ubao, kwa chaki.

Na wakikuita "kuko nini?", waambie. Aliyeyumbishwa na ziwa tangu asubuhi anataka kujibiwa na mtu.

*Profesa, kwenye baa moja nilielekeza simu kwenye mraba ili nilipe. Ukanifungulia ukurasa unaoomba namba yangu ya siri. Niliiandika. – Kaka wa Kyeshero*

Kaka, badilisha hiyo namba kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Benki zilipofunga milango Januari 2025, mji uliingiza mkoba wake ndani ya simu, na wezi wakafuata mkoba. Mwizi hubandika karatasi yake juu ya ile ya mwenye baa. Pitisha ukucha, kukiwa na tabaka la pili, weka simu mfukoni. Soma jina la anayepokea kabla ya kutuma, na namba ya siri usiiandike kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa na mraba. Mahali pake ni kwenye huduma ya kampuni yako ya simu, basi.

Ningekusimulia nilivyomnasa mwizi wa namna hiyo kwa uzi na kipande cha makayabo, lakini mhariri ameuza nafasi hii kwa tangazo la saruji. Mama Sombe, chapa upya, tia chini ya kioo, angalia kila asubuhi kama hakuna aliyebandika chake juu. Kaka, ipigie kampuni. Shukrani hupokelewa kwa sambaza wakavu, wasiwe na mchanga.