Denge Ashashikwa

Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Denge ashashikwa. Usimwambie mtu. Kesho asubuhi feri, nitakupa." Uliingia saa nne na nusu usiku, simu iko mezani, mimi niko bafuni, mume wangu yuko kitini anatazama mpira. Mambo hayo matatu yakikutana katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya Jamvi la Wageni, Likoni, usingizi wa usiku huo ushaharibika.

"Denge n'nani?" aliniuliza nilipotoka, maji bado yanichuruzika. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua pa kuanzia.

Nikasema kweli, na kweli ndiyo iliyoniponza. "Kijana wa Unguja. Amesoma Urusi. Polisi wamtafuta."

Akazima televisheni. Mpira ulikuwa umebakisha dakika ishirini na timu yake ilikuwa inaongoza.

"Na wewe wamjuaje?"

"Kwa shoga yangu wa mahamri," nikasema, kisha kwa kutaka kumpoza nikaongeza: "Lakini usiwe na wasiwasi, ana mwanamke wake. Mke wa mtu."

Nilipoona amekaa wima nikajua nimejichimbia shimo. Nikamwambia ni kitabu. Akaniuliza kitabu kiko wapi. Kiko kwa shoga. Na Denge? Yumo ndani. Akanitazama kama karani wa bandarini anavyoitazama hati ya mzigo isiyo na muhuri, na hiyo ndiyo kazi yake kweli, kwa hivyo macho hayo anayo tayari, hakuhitaji kuyatafuta.

Kwa asiyemjua, Denge ni mtu wa *Vuta n'kuvute*, riwaya ya Adam Shafi iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko kitini. Yasmin, binti wa Kihindi, kaozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri wa kumzaa. Anamkimbia, anaangukia kwa Mwajuma, mwanamke mwenye moyo mpana kuliko chumba chake, na huko ndiko yanakoanzia ya Denge, kijana anayesambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na serikali. Nyuma ya Denge yuko Inspekta Wright. Sasa ukiwa na mapenzi upande huu na polisi upande huu, mlango ukigongwa hujui ni mpenzi au ni pingu, mbaazi za nazi zilizo jikoni zina nafasi gani kichwani mwako?

Hazina. Ziliungua. Sufuria ya tatu ilipofika kuwa nyeusi ndani na nje, niliapa mbele ya mume wangu kwamba riwaya basi. Ndiyo maana kitabu kilikuwa kikienda kwa siri, kimevikwa gazeti, kikipita kwa mkono chini ya kitambaa cha mahamri pale feri, kama vile karatasi za Denge zenyewe. Shoga yangu alilipenda jambo hili kupita kiasi. Kwake yeye kuuza mahamri ilikuwa kazi ya kujifichia tu. Ukimwendea wakati wa zamu ya kitabu hakusalimu, anakutazama pembeni na kuuliza, "Wataka na mbaazi au bila mbaazi?" Na mbaazi maana yake kitabu kipo.

Tulikuwa wanne. Mimi na shoga yangu Likoni. Wifi yangu, fundi cherehani wa Mlaleo huko Kisauni. Na mjomba wangu wa Chaani, Changamwe, mstaafu wa bandari. Ukiitazama ramani utaona tumekizunguka kisiwa cha Mombasa pande tatu, na kitabu ni kimoja. Siku tatu kila mtu. Anayezidisha hulipa mkate wa sinia.

Adam Shafi hakuviita vitabu vyake mfululizo. Sisi ndio tuliovipanga, na kupanga kwenyewe nusura kuvunje udugu. Mimi na wifi tulisema vifuate historia: kwanza *Kuli*, kwa kuwa ni habari za Rashidi na mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, halafu *Vuta n'kuvute*, halafu *Kasri ya Mwinyi Fuad* na mapinduzi ya 1964, mwisho *Haini*, na yaliyofuata baada ya kuuawa kwa Rais Karume mwaka 1972. Mjomba akasema hapana, kitabu kina siku ya kuzaliwa kama mtoto: *Kasri* ni ya 1978, *Kuli* 1979, na mdogo hatangulii mkubwa kuingia mezani. Mzozo huo ulimaliza birika mbili za kahawa. Shoga yangu aliukata kwa kusema yeye ataanza na ile yenye mapenzi mengi, tukaanza hapo sote.

Ila jambo moja lilinigusa nilipokuwa nahesabu miaka. Kati ya *Kuli* na *Vuta n'kuvute* kuna miaka ishirini. Kuna watu waliisoma *Kuli* ikiwa bado inanuka wino, wakangoja miaka ishirini! Wifi yangu hawezi kungoja siku ya tatu. Siku ya pili jioni anapiga simu kuuliza kama mimi ni mzima, jambo ambalo haliulizi wakati mwingine wowote.

Yeye naye ana kesi yake. Alikuwa na buibui la bibi harusi la kumaliza Alhamisi. Akakiegemeza kitabu kwenye cherehani, mguu unakanyaga, jicho moja kwa Yasmin. Ijumaa bibi harusi akaja kujaribu, akaingiza mkono wa kulia, ukatoka. Akaingiza wa kushoto, haukutoka. Wifi alikuwa ameushona mdomo wa mkono mshono wa mara mbili, imara, mzuri, hata uzi haukucheza. "Nilikuwa mahali pabaya," alinieleza. Kwa muda sikujua kama anamaanisha pabaya pa kitambaa au pabaya pa kitabu.

Langu lilikuwa la majini. Feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, na bure hiyo ina hatari yake: ukivuka mara tatu hakuna wa kukuuliza. Asubuhi moja nilipanda saa moja na robo kwenda kazini kisiwani, nikajibanza kwenye chuma cha pembeni, nikafungua nilipoweka alama. Nikasikia watu wanashuka. Nikasikia watu wanapanda. Nilipoinua kichwa kuona mjini pako mbali gani, nikaona Likoni inanijia, na shoga yangu anauza mahamri palepale nilipomwacha. Nikageuka na feri ileile. Ningefika vizuri, lakini Inspekta Wright alikuwa amefika mlangoni kwa mtu. Kazini nilisema palikuwa na foleni. Hapakuwa na foleni. Foleni ilikuwa mimi.

Tena usifikiri ni ugonjwa wa wanawake, kama alivyodhani mume wangu. Siku nyingine nilikuwa kwenye matatu naelekea kwa wifi, tumeshavuka daraja la Nyali, mzee wa kofia amekaa ubavuni mwangu kimya tangu Posta. Nilipotaka kufungua ukurasa akanishika kiwiko. "Ngoja, binti yangu. Bado mistari miwili." Nikangoja, kwani adabu ni adabu. Makanga alipiga kelele "Kongowea! Kongowea!" hadi akachoka, mzee hakusikia. Tulishuka naye Mlaleo. Akasimama barabarani akiangalia huku na huku, akaniuliza, "Kwani yule msichana alirudi kwa mumewe?" Nikamwambia bado sijui. Akasikitika, akavuka barabara kungoja matatu ya kumrudisha.

Turudi kwenye ile asubuhi. Mume wangu alinisindikiza hadi feri kumwona Denge kwa macho yake. Shoga yangu alituona tunakuja wawili, akaona uso wa mwenzangu, na mafunzo yote ya kitabu yakampanda kichwani. Nikamwambia, "Shoga, mtolee kile kitabu." Akajibu, "Kitabu gani? Mimi nauza mahamri." Nikamkonyeza. Akakonyeza. Mume wangu aliona makonyezo yote mawili. Ilibidi nifunue kitambaa mwenyewe, huku mwanamke ameshikilia beseni kama aliyeapishwa, na kitabu kikatoka kikiwa na duara la mafuta kwenye jalada.

"Hiki nakichukua mimi," alisema bwana. "Nitakichunguza."

Alikichunguza usiku wa kwanza kwa kalamu mkononi, akipigia mstari jina la Denge kila lilipotokea, kama hesabu ya makontena. Usiku wa pili kalamu ilianguka, hakuiokota. Usiku wa tatu aliniuliza gizani, "Huyu Wright anadhani yeye ni nani?" Nikajua tumempata. Akaanza kukibeba kazini. Zamu ya wifi ikapita, ya mjomba ikapita, na kila nilipomkumbusha alisema uchunguzi haujakamilika. Mpira haukuwashwa siku tisa.

Usiku wa kumi, saa saba hivi, nilizinduliwa na kelele. "Karatasi ziko wapi?"

Kitabu kilikuwa kimekatika mwishoni. Nilikinunua kwa mchuuzi wa vitabu vikuukuu mjini, na mimi si mtu wa kufungua nyuma kwanza. Anayesoma mwisho kabla ya mwanzo namhesabu sawa na anayeonja pilau kwa kijiko cha mpishi. Kwa hivyo sikujua. Shoga yangu alikuwa bado hajafika. Bwana ndiye wa kwanza kufika ukingoni na kukuta hakuna daraja. Alinishuku kwamba nimezificha. Alipekua chini ya godoro, ndani ya kopo la mchele, na kwenye leso zangu. Asubuhi, macho mekundu, akasema kuna filamu yake, ile ya Amil Shivji ya 2021 iliyokwenda hadi Toronto, tuitafute tumalize mambo. Nikamwambia mtu aliyekaa na watu hawa siku tisa hawezi kwenda kuulizia habari zao kwa majirani.

Nikatoka mimi kutafuta karatasi.

Wifi alisema ana jirani mwalimu, kitabu hakikosi kwake. Nikavuka, nikapanda, nikashuka, nikapita kwenye tope la Mlaleo na viatu mkononi. Mwalimu alinipokea vizuri, akanipa juisi ya ukwaju, akaniletea kijitabu chembamba. Kilikuwa mwongozo! Tanzania riwaya hii imefundishwa kidato cha tano na sita, na wanafunzi huandikiwa miongozo ya mtihani. Alinionyesha kwa kidole: dhamira kuu, dhamira ndogo, matumizi ya tamathali za usemi, na chini kabisa, "hatima ya wahusika," mistari minne. Mistari minne! Nikafunga macho nikamrudishia. Sikutoka Likoni nikavuka bahari ili Denge nimkute amepangwa kwa vipengele.

Ikabaki Changamwe. Mjomba alikuwa barazani amevaa msuli. Nilipomweleza mkasa alikuna kidevu, akatazama paa, akaingia ndani. Akatoka na *Vuta n'kuvute* nzima, safi, ina jalada, ina mwisho.

"Mjomba! Unacho miaka yote?"

"Ninacho."

"Na zamu ya siku tatu?"

"Ningesema ninacho," akajibu, "ungekuja huku Chaani kufanya nini?"

Sikuwa na jibu, nikakaa. Alikataa kunipa niende nacho. Alikataa hata kunipa nishike. Alisema atanisomea mwenyewe, na akaanza baada ya alasiri, polepole, akilamba kidole kila ukurasa. Mjomba hasomi hivihivi, anahukumu. Babake alikuwa kuli wa Kilindini katika mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947, na kwa sababu hiyo anaichukulia *Kuli* kama daftari la ukoo lililoandikwa na jirani wa Unguja, na mwandishi yeyote aliyeandika habari za gati moja anawajibika kwake kwa maisha. Akifika penye meli anasimama kunieleza gunia hubebwaje, shingo ikaeje, nani alikuwa serahangi wao. Akifika penye mapenzi anakohoa na kuruka mistari. Nikamwambia, "Mjomba, umeruka." Akasema, "Hayo unayajua."

Jua likazama. Tukasali magharibi. Akaendelea. Zilipobaki karatasi chache, naziona kwa macho yangu, nene kama kaki mbili za sim-sim, ikaadhiniwa isha. Mjomba akaweka kijiti cha kiberiti mahali pake, akafunga kitabu, akakikalia.

"Zilizobaki kesho," alisema.

Wanasema Shahrazad wa *Alfu Lela Ulela* alifanya hivyo ili asikatwe kichwa. Mjomba wangu hakuna anayemtishia chochote. Alichotaka ni mtu wa kunywa naye kahawa siku ya pili, na alijua mimi nitakuja, ningekuwa na homa ningekuja.

Nilikuwa juu ya feri, saa tatu na nusu usiku, taa za Likoni zinakaribia, simu ilipolia. Mwezi mmoja nyuma mume wangu angeuliza niko wapi na niko na nani hadi saa hizo. Sasa hakusalimu hata.

"Haya, alitoroka au hakutoroka?"

"Chakula umepika?" nikauliza.

"Nimepika. Mbaazi. Niambie."

"Mjomba amebakisha. Kesho naenda tena."

"Kesho twenda sote. Lakini mahali mlipofika, Denge yuko..." Akanyamaza. Nikasikia kiti kinasukumwa, miguu inakimbia, mfuniko umeanguka sakafuni. "Ngoja, ngoja kidogo," alisema kwa mbali. "Kuna kitu chaungua huku."